Sokwe wa Skrini na Sokwe wa Msitu: Safari ya Hofu Moja hadi Kampala

Filamu za kutisha zinazomweka sokwe au gorila mwenye akili kali mahali pa adui wa binadamu zimekuwapo tangu miaka ya mwanzo ya sinema yenye sauti, na katika muda wote huo zimeutazama ukanda wa misitu ulioko kati ya Uganda, Rwanda na Kongo kama ghala la vitisho, bila kujali sana wanasema nini watu wanaoishi pembeni mwa misitu hiyo. Katika makala haya neno sokwe linatumika kwa yule mnyama mweusi asiye na mkia anayeishi Kibale, Budongo na Bugoma. Gorila ni yule mkubwa zaidi wa Bwindi na Mgahinga. Na nyani ni yule mwenye mkia anayeonekana kando ya barabara kuu. Watengenezaji wa filamu mara nyingi wamewachanganya wote watatu, lakini mkazi wa Uganda huwatofautisha bila shida. Kampala iko mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka Kisoro, ambako gorila wa milimani wanaishi, na pungufu ya hapo kutoka Fort Portal, lango la msitu wa Kibale. Kwa hiyo ni miongoni mwa miji mikuu michache duniani ambamo mtu anaweza kutazama filamu ya sokwe muuaji jioni na kumwona sokwe wa porini kesho yake.

Hofu yenyewe ilianza katika vitabu vya wawindaji. Mfaransa Paul du Chaillu, aliyezunguka Gabon katika miaka ya 1850, alichapisha mwaka 1861 kitabu kilichomchora gorila kama kiumbe katili asiyeweza kuvumilia kumwona binadamu, na picha hiyo ikasambaa Ulaya na Marekani kabla ya mtaalamu yeyote kukaa msituni kwa miezi kadhaa na kumchunguza mnyama huyo kwa utulivu. Mwaka 1902 ofisa wa Kijerumani, Robert von Beringe, aliwapiga risasi gorila katika mlima Sabinyo, ambao kilele chake leo ndipo inapokutana mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo, na jina lake likabaki katika jina la kisayansi la gorila wa milimani. Mmarekani Merian C. Cooper alipewa kitabu cha du Chaillu akiwa mtoto wa miaka 6, na mwaka 1933, akishirikiana na Ernest Schoedsack, alitoa King Kong. Jitu lililotikisa majengo ya New York katika filamu hiyo lilikuwa kikaragosi cha urefu wa sentimita 45 hivi, kilichofunikwa kwa manyoya ya sungura na kusogezwa kidogo kidogo, picha baada ya picha, na mafundi wa Willis O'Brien.

Miaka mitatu kabla ya hapo ilikuwa imetoka filamu mbaya zaidi kwa dhamira yake, iliyoitwa Ingagi. Jina hilo ni la gorila katika Kinyarwanda, lugha ambayo katika sura ya Kifumbira inazungumzwa Kisoro pia. Filamu iliuzwa kwa watazamaji wa Marekani kama ushahidi halisi kutoka Kongo, ikidai kuonyesha wanawake wa Kiafrika wakitolewa kwa gorila, ilhali sehemu zake kubwa zilitengenezwa Marekani na gorila wake mmoja alikuwa mwigizaji Charles Gemora ndani ya vazi la manyoya. Mamlaka ya biashara ya Marekani ilithibitisha udanganyifu huo, lakini fedha zilikuwa zimekwisha kukusanywa. Ni vigumu kusoma historia hii bila kuona kwamba ubaya wa filamu hizo haukumwangukia mnyama peke yake: gorila alipogeuzwa jini, mwanadamu aliyeishi karibu naye aliwekwa karibu na ujini huo, na Mwafrika akawa sehemu ya mandhari ya kutisha badala ya kuwa shahidi anayeweza kusema yaliyo kweli.

Mashahidi hao walikuwapo. Mwaka 1955 Mjerumani Walter Baumgartel alichukua hoteli ndogo ya Travellers Rest mjini Kisoro, na kutoka hapo wageni walipanda milima ya Virunga kuwafuata gorila wakiongozwa na wenyeji, ambao mashuhuri wao alikuwa Reuben Rwanzagire. Ustadi wa Rwanzagire ulihitaji macho makini: kutambua kwa mabua yaliyovunjwa kama kundi limepita asubuhi au jana, kuhesabu vitanda vya majani ambavyo kila gorila mkubwa hujitengenezea usiku, na kujua ni wakati gani kishindo cha dume anayejipiga kifua ni onyo tu na si shambulio. George Schaller alifika eneo hilo mwaka 1959 na utafiti wake ukauthibitishia ulimwengu wa wasomi jambo ambalo waongozaji wa Kisoro walilifanyia kazi kila wiki, yaani kwamba gorila ni mla majani anayependa kuachwa kwa amani. Mtafiti Dian Fossey naye, alipotoroka vurugu za Kongo mwaka 1967, alikimbilia kwenye hoteli hiyo hiyo kabla ya kuanzisha kituo chake cha Karisoke upande wa Rwanda.

Kampala yenyewe imejengwa juu ya vilima vya Buganda, na katika Buganda uhusiano wa mtu na wanyama wa jamii ya tumbili umewekwa ndani ya mfumo wa koo. Ukoo wa Nkima una tumbili kama mnyama wake wa heshima, na ukoo wa Ngeye una mbega. Mtu wa ukoo hali nyama ya mnyama wa ukoo wake, na hujitambulisha kwa jina la ukoo anapokutana na jamaa asiyemfahamu. Mkuu wa ukoo wa Nkima, anayeitwa Mugema na mwenye makao yake Bbira, magharibi mwa jiji, ana nafasi maalumu katika kutawazwa kwa Kabaka, mfalme wa Buganda. Si haki kudai kwamba mfumo huu ulimlinda kila tumbili wa Buganda, maana wakulima waliwafukuza mashambani kama kwingineko. Lakini utamaduni unaompa tumbili nafasi katika ukoo wa mtu na katika sherehe za ufalme haukuwa na sababu ya kubuni King Kong.

Hofu ya kigeni ilipofika Kampala, ilikuja kwa njia ya skrini. Katika enzi ya ukoloni magari ya sinema ya serikali yalizunguka vijijini na kuonyesha filamu za afya na kilimo, na kando ya turubai alisimama mkalimani mwenye kipaza sauti aliyezieleza picha kwa lugha ya mahali hapo. Mjini kulikuwa na kumbi za kudumu, zikiwemo zilizomilikiwa na Waasia, kama Norman, iliyojengwa na mfanyabiashara Mgoa Norman Godinho. Kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 na miaka ya vurugu iliyofuata kuliuvunja mtandao huo wa biashara, na jengo la Norman likaishia kuwa kanisa katika miaka ya 1980. Palipobaki pengo pakaingia vibanda vya video: vyumba vya mabati au mbao, vyenye mabenchi yaliyosongamana, televisheni moja au mbili, deki ya kanda, jenereta nyuma ya ukuta na spika iliyoelekezwa barabarani ili wapita njia wasikie milipuko na kuvutwa ndani.

Ndani ya vibanda hivyo ikakua kazi ambayo Kampala inaweza kudai kuwa miongoni mwa waasisi wake wakuu, kazi ya VJ, yaani mtu anayekaa na kipaza sauti na kuisimulia filamu ya kigeni kwa Kiganda wakati inaendelea. VJ hatafsiri neno kwa neno. Anapunguza sauti ya filamu kidogo, anaingiza yake, anaeleza nani anamdai nani, anawapa wahusika majina yanayojulikana mtaani, anamtania mwoga na kumsifu shujaa, na mara nyingine anahamisha kisa chote kutoka Los Angeles hadi mitaa ya Kisenyi au Nakulabye bila mtazamaji kuona ajabu. Sanaa hii inafanana na ile ya Dar es Salaam, ambako marehemu Lufufu alijulikana kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Majina kama VJ Jingo, VJ Junior na VJ Emmie yamekuwa na uzito jijini kuliko ya waigizaji wengi wa Hollywood, na kanda zao baadaye zilihamia kwenye diski, kisha kwenye vijiti vya kuhifadhia data vinavyojazwa filamu madukani kwa bei ndogo.

Filamu za sokwe wenye akili zilimpa VJ kazi ya pekee. Mfululizo wa Planet of the Apes, uliotokana na riwaya ya Pierre Boulle ya mwaka 1963 na filamu ya kwanza ya mwaka 1968, ulifufuliwa mwaka 2011 kwa filamu ambamo sokwe Caesar, aliyeigizwa na Andy Serkis kwa mbinu ya kunasa mienendo ya mwili kwa kompyuta, anazungumza na wenzake kwa ishara za mikono, na maana ya ishara hizo huandikwa kwa Kiingereza chini ya picha. Katika ukumbi wa kawaida filamu hiyo imejengwa juu ya ukimya wa Caesar, ili neno lake la kwanza, la kukataa, liwashtue watazamaji. Kibandani ukimya huo hauwezekani, kwa sababu maandishi ya Kiingereza hupita haraka na kazi ya VJ ni kuyapa sauti. Kwa hiyo sokwe wa Kampala huwa amekwisha kuzungumza Kiganda muda mrefu kabla ya kutamka neno hilo, na akiwa mhusika mwenye hoja zake mwenyewe. Kitisho hupungua, na huruma huongezeka. Wasomi wa sinema wameandika kurasa nyingi kuhusu VJ, utani wao na haki miliki, lakini mageuzi haya ya maana, ambayo huenda ndiyo makubwa zaidi, hayajapewa uzito unaostahili.

Afrika Mashariki nayo ilichangia katika aina hii ya filamu. Katikati ya miaka ya 1980 Raju Patel aliongoza nchini Kenya In the Shadow of Kilimanjaro, ambamo maelfu kwa maelfu ya nyani wenye njaa ya ukame wanajipanga na kuwavamia watu. Ukame wa mwaka 1984 ulikuwa wa kweli na mateso yake yalikuwa ya kweli. Jeshi la nyani halikuwa la kweli.

Filamu iliyosogea karibu zaidi na mpaka wa Uganda ni Congo, ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Frank Marshall kutokana na riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1980. Kisa chake kimewekwa katika eneo la Virunga, ambako gorila wa kijivu waliofundishwa kuua wanalinda machimbo ya almasi ya mji uliopotea uitwao Zinj, jina lililochukuliwa kutoka katika neno ambalo Waarabu wa kale walilitumia kwa pwani ya Afrika Mashariki. Wakati watazamaji wa Marekani wakiwaogopa gorila wa mpira na manyoya waliotengenezwa na karakana ya Stan Winston, milima ya Virunga halisi ilikuwa imezungukwa na kambi za wakimbizi waliotoka Rwanda baada ya mauaji ya mwaka 1994, na miti ya hifadhi ilikuwa ikikatwa kwa kuni. Kati ya gorila na binadamu, anayemuua mwingine katika historia ya milima hiyo si gorila. Mwezi Julai 2007 dume aliyeitwa Senkwekwe aliuawa kwa risasi pamoja na majike wa familia yake upande wa Kongo, na mwezi Juni 2020 Rafiki, dume mkuu wa kundi la Nkuringo huko Bwindi, alikutwa amechomwa kwa mkuki na mwindaji haramu, ambaye mahakama ya Uganda ilimhukumu kifungo cha miaka 11. Hesabu ya gorila wote wa milimani duniani iliyotangazwa mwaka 2019 ilikuwa 1,063. Idadi hiyo imepanda kwa jasho la walinzi na madaktari wa wanyama, na pia kwa gharama ya Wabatwa, walioondolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, na ambao bado wanadai haki yao.

Hata hivyo, kusema kwamba sokwe ni mpole tu ni kosa jingine, na Uganda ni miongoni mwa nchi zilizosahihisha kosa hilo kwa ushahidi mzito. Katika msitu wa Kibale, ambako Chuo Kikuu cha Makerere kina kituo chake cha utafiti huko Kanyawara na ambako msomi wa Makerere Gilbert Isabirye-Basuta aliwachunguza sokwe katika miaka ya 1980, kuna jamii ya sokwe wa Ngogo iliyofuatiliwa mfululizo tangu 1995. John Mitani, David Watts na Sylvia Amsler walieleza mwaka 2010 kwamba katika miaka 10 madume wa Ngogo waliua sokwe wa jamii jirani mara 18 mbele ya macho ya watafiti, mbali na mauaji mengine 3 yaliyodhaniwa, kisha wakatwaa sehemu ya ardhi ya jamii hiyo na kupanua eneo lao kwa asilimia 22. Kabla ya kushambulia hutembea kwa mstari, kimya kabisa, wakisimama mara kwa mara kusikiliza na kunusa majani, tabia ambayo mtu aliyezoea kelele zao za kawaida huiona kuwa ya kutisha kuliko mngurumo wowote wa sinema. Huo ni ujanja wa kweli, wenye mipango na ushirikiano. Lakini unawalenga sokwe wengine na una sababu inayoeleweka: chakula na nafasi ya kulelea watoto.

Kuhusu maradhi, sinema imeigeuza kweli juu chini. Katika filamu ya Planet of the Apes ya 2011 na zilizofuata, virusi vinavyowapa sokwe akili ndivyo vinavyowaangamiza wanadamu. Huko Kibale maradhi yamekuwa yakisafiri upande wa pili: mwaka 2013 virusi vya mafua vya binadamu viliua sokwe 5 wa Kanyawara, na mwanzoni mwa 2017 virusi vingine vya mfumo wa hewa, ambavyo kwa mtu mzima husababisha kikohozi cha siku chache, viliua sokwe 25 wa Ngogo. Kwa ajili hiyo mgeni anayekwenda kuwatazama huvalishwa barakoa, hukaa mbali nao, na akiwa na mafua hupaswa kubaki kambini.

Palipo na hofu ya haki ni kwenye kingo za misitu, na hapo mwandishi wa historia anapaswa kwenda taratibu. Katika miaka ya 1990 sokwe dume mmoja, ambaye watu walimpa jina la Saddam, aliwashambulia watoto katika mashamba yaliyo karibu na Kibale na kuua baadhi yao kabla hajauawa. Mwaka 2014 katika kijiji cha Kyamajaka, wilaya ya Kagadi ya leo, sokwe alimnyakua mtoto mdogo wakati mama yake akilima, na mtoto huyo akafa kwa majeraha. Familia iliendelea kuishi pale kwa miaka kadhaa huku sokwe wakija hadi uani kutafuta mafenesi na matunda mengine na kuikabili sura yao wenyewe katika vioo vya madirisha, mpaka wenyeji hao walipoondoka na kuiacha nyumba. Hakuna filamu yenye tukio la kutisha kuliko hilo, na hakuna filamu iliyoeleza chanzo chake vizuri. Misitu midogo ya kando ya mito kati ya Budongo na Bugoma, ambamo sokwe walipata matunda ya mwituni mwaka mzima, ilikatwa kwa ajili ya mbao, mahindi na miwa. Ardhi ilikuwa ya watu binafsi wenye watoto wa kulisha na karo za kulipa. Na sokwe waliobaki wakajifunza, kwa akili ile ile inayosifiwa maabarani, kwamba chakula kiko karibu na nyumba na kwamba mwanamke na mtoto hawawatishi kama mwanamume mwenye panga. Mwenye kosa kubwa hapa ni mpangilio wa ardhi, na anayelipa ni familia maskini.

Wakazi wa Kampala ambao hawajafika Kibale walimjua sokwe mmoja kwa jina. Zakayo aliishi kwa zaidi ya miaka 40 katika bustani ya wanyama ya Entebbe, vizazi vya wanafunzi wakipelekwa kwa mabasi kumwona, na alipokufa mwezi Aprili 2018 akiwa na umri wa miaka 54 vyombo vya habari vya nchi vilimwandikia taazia kama ya mzee wa heshima. Katika ziwa, si mbali na Entebbe, kisiwa cha Ngamba kimekuwa tangu 1998 makao ya sokwe yatima waliookolewa kutoka mikononi mwa wasafirishaji haramu; mama za wengi wa sokwe hao waliuawa mbele yao.

Kampala ina uwezo wa kusimulia yote hayo. Huko Wakaliga, mtaa wa jiji hilo, Isaac Nabwana, anayejulikana kama Nabwana I.G.G., alitengeneza mwaka 2010 Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano yenye bajeti ndogo sana, silaha zilizochongwa kutokana na vyuma chakavu na sauti ya VJ Emmie juu yake, na watazamaji wa mabara mengine wakaipokea kwa shangwe. Somo lake kwa wenzake wa Kampala ni kwamba kisa hakihitaji kusubiri fedha za Hollywood. Basi watengenezaji wa filamu wa Kampala, pamoja na VJ wanaojua kumpa sokwe sauti kwa lugha ya nyumbani, waende Kagadi, Kibale na Kisoro, wakae na mama waliofiwa, walinzi, Wabatwa na waongozaji wazee, na watengeneze filamu ya kutisha ambayo mkazi wa kijiji cha kando ya msitu ataitazama na kukubali kwamba ndivyo ilivyokuwa.